"Fundi, niweke oili namba ngapi?"

Simu za namna hii hupigwa asubuhi, kabla kazi haijachanganya. "Fundi, randa inalia. Niweke oili namba ngapi?" Aliyepiga ameshashika kopo mkononi, anachosubiri ni namba tu, kama mtu anayeuliza nauli. Mimi humrudishia swali: inalia wapi?

Mashine ya mbao si injini ya gari, ambayo unamimina oili sehemu moja nayo inajigawia yenyewe. Kwenye randa moja kuna mahali panapotaka grisi, mahali panapotaka oili, na mahali ambapo ukiweka chochote cha majimaji umeharibu. Nimefungua mashine nyingi Keko na Buguruni, na beringi nilizokuta zimekufa kwa kukosa oili ni chache kuliko zilizokufa kwa kuwekewa isiyo yake, au kuwekewa pasipo pake. Kwa hiyo tutaanzia kwenye dalili, si kwenye kopo. Na kila ninaposema "gusa" au "fungua" hapa chini, mashine imezimwa, plagi imechomolewa, na visu vimesimama kabisa.

Namba za kwenye kopo

Dukani kuna vipimo viwili vinavyochanganya watu. Oili za magari huandikwa SAE: 30, 40, 15W-40, na za gia 90 au 140. Oili za viwandani huandikwa ISO VG: 32, 46, 68, 100, 220, 460. Hii ya pili ndiyo rafiki wa fundi wa mashine, kwa sababu ni kipimo halisi cha mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, ikiwa na joto la nyuzi 40. Inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 10 tu. Kopo la 68, kama halijachakachuliwa, lina oili ya kati ya 61.2 na 74.8.

SAE ni majina ya makundi, na makundi ya injini hayahesabiwi pamoja na ya gia. Kuna mafundi wanaoamini kwamba 90 ya gia ni nzito mara tatu ya 30 ya injini. Sivyo. SAE 30 ya injini inakaribia ISO 100, SAE 40 inakaribia 150, SAE 50 inakaribia 220, na hiyo 90 ya gia nayo iko hapo hapo karibu na 220. Ile 140 ya gia ndiyo inayofika 460. Ukishika hayo matano, muuza duka hakuyumbishi.

Kanuni ya kuchagua ni fupi: kinachokimbia kwa mzigo mwepesi hutaka oili nyepesi, kinachotambaa kwa mzigo mzito hutaka nzito. Mengine yote ni vumbi na joto.

"Beringi za shafti ya visu zinachemka"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo lenye sababu nyingi zinazofanana kwa nje.

Kwanza jua inachemka kiasi gani. Zima, subiri visu visimame, weka kiganja kwenye nyumba ya beringi. Ukiweza kukiacha hapo huku ukihesabu hadi kumi bila kukunja uso, hapana tatizo. Beringi inayofanya kazi lazima iwe na uvuguvugu. Ukikiondoa kabla ya tano, joto limefika nyuzi 60 hivi au zaidi, na hapo grisi inazeeka haraka. Ukidondosha mate yakachemka, usiwashe tena.

Sasa tafuta sababu. Nitakupa kisa. Karakana moja ilinunua beringi za randa mara tatu ndani ya miezi minne. Mwenyewe alishaamini anauziwa feki. Nilipofika asubuhi nikamkuta kijana wa pale akifanya usafi aliofundishwa: anapuliza vumbi, anamwagia beringi dizeli kwa brashi, halafu anapaka oili ya injini juu. Kila siku, kwa bidii kabisa. Beringi zenyewe zilikuwa 6206 zenye alama ya 2RS, maana yake zimezibwa kwa mpira pande zote mbili, na grisi yake imewekwa kiwandani kwa maisha yake yote. Dizeli ilikuwa inapenya taratibu kwenye mdomo wa mpira na kuiyeyusha ile grisi, kisha oili nyepesi inaingia na kutoka na vumbi linabaki. Dawa ilikuwa kuacha. Tuliweka beringi mpya, tukamnyang'anya kijana brashi, habari ikaisha.

Kwa hiyo soma ubavuni mwa beringi kabla ya kitu chochote. Ikiwa na 2RS au ZZ (ZZ ni kifuniko cha bati), usiilishe kitu. Ikiwa wazi, na nyumba yake ina nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi), hiyo ndiyo inayotaka grisi.

Na hapo ndipo wengine hufia. Ile bomba ya kusukumia grisi, mtaani tunaiita grisigani, na jina lenyewe ni swali ambalo watu hawaliulizi. Husukuma mpaka grisi itokeze pembeni, wakidhani beringi imeshiba. Beringi haitaki kushiba. Nafasi iliyo wazi ndani yake ijazwe theluthi, ikizidi sana nusu. Ikijaa, goroli za ndani zinakuwa kama mtu anayekimbia ndani ya tope: nguvu yote inageuka joto, joto linakamua oili kutoka kwenye grisi, inabaki sabuni kavu, yaani kile kinachoishika oili ndani ya grisi. Kwa beringi ya aina ya 6206, yenye kipenyo cha nje cha milimita 62 na upana wa 16, kiasi cha kuongezea ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. (Hesabu yake: kipenyo mara upana mara 0.005.) Bomba nyingi za mkono hutoa takriban gramu moja kwa kila msukumo, ila pima yako kwenye mzani wa duka la jirani, maana hazilingani.

Ukitoka kuongeza grisi, beringi hupanda joto kwa saa chache za mwanzo, kisha hushuka yenyewe grisi ikishajipangia njia. Usiogope. Ikipanda na isishuke hadi jioni, umezidisha.

Grisi ya aina gani? Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mota ya poli mbili huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Puli ya mota ikiwa kubwa mara mbili ya puli ya visu, visu vinafika karibu 5,800. Kwa kasi hiyo weka grisi ya lithiamu namba 2, nyororo, isiyo na chembe nyeusi za molibdeni. Hizo ni za viungo vya magari vinavyobeba mzigo bila kuzunguka sana. Kuna grisi ya kalsiamu inayouzwa bei nafuu kwa ajili ya mikokoteni na chesisi. Inavumilia maji vizuri sana, lakini ile ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 100, na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Ukikuta grisi imetiririka kama samli na kuchafua mbao, mara nyingi ni hiyo.

Sababu nyingine ya grisi kugeuka uji ni mchanganyiko. Sabuni za grisi hazipatani zote. Mota nyingi za umeme hutoka kiwandani na grisi ya poliurea. Ukiisindikiza na ya lithiamu, mara nyingi zote mbili hulainika na kuvuja. Rangi haikusaidii hapa: nyekundu, buluu, kijani ni rangi tu alizochagua mtengenezaji. Ukibadili aina, osha nyumba ya beringi yote, ikauke, ndipo uanze upya.

Kabla hujalaumu grisi, legeza mkanda. Nimeona beringi ya upande wa puli ikiungua huku ya upande wa pili ikiwa baridi kama jiwe la mtungi. Oili haiwezi kuchagua upande. Hiyo ni mkanda uliokazwa kupita kiasi, au puli hazikutazamana sawasawa.

"Giaboksi ya thiknesa…"

Thiknesa ni mashine ya kusawazisha unene wa mbao. Sentensi hii humaliziwa kwa namna nyingi, na kila mwisho una maana yake. Chukua kijiti safi, chovya, angalia.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa: ina maji. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, popote penye hewa ya bahari, giaboksi inayopata moto mchana na kupoa usiku huvuta unyevu ndani. Kama huna uhakika, dondosha tone kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa moto. Likilia chwaa na kurukaruka, ni maji. Hakuna nyongeza ya kulitibu; mwaga yote ikiwa bado ya moto, suuza kwa oili nyepesi ile ile ya viwandani, jaza upya.

Ina povu: kwanza angalia kiwango. Kioo cha kuangalizia kijae nusu, mashine ikiwa imesimama. Watu hujaza mpaka juu "ili isiishe haraka", gia zinaipiga kama mtu anayepiga mayai, povu linatoka kwenye tundu na mwenye mashine anaongeza tena. Kiwango kikiwa sawa na povu lipo, uliza kama imewahi kuwekwa oili ya injini. Oili ya injini ina sabuni ndani yake, iliyowekwa makusudi ili ishike masizi na kuyapeleka kwenye filta. Giaboksi ya thiknesa haina filta. Uchafu ambao ungetulia chini unabaki ukielea na kupita tena na tena katikati ya meno.

Inameremeta kama imetiwa dhahabu: hapa simama. Ndani ya thiknesa nyingi roli za kuvuta mbao huendeshwa na parafujo la chuma linalozungusha gurudumu la shaba. Hiyo dhahabu ni gurudumu lako. Mara nyingi kopo lililotumika ni la gia za magari lenye alama GL-5. Hiyo oili ina dawa za salfa na fosforasi zilizokusudiwa meno ya chuma kwa chuma kwenye difu ya lori. Zikipata joto, huila shaba, na gurudumu huanza kuwa jeusi kabla ya kulika. Tafuta oili ya viwandani ya ISO 320 au 460 iliyoandikwa kwamba inafaa gia za shaba. Ukikosa kabisa, GL-4 ni afadhali kuliko GL-5, kwa sababu dawa hizo zimo kwa kiasi kidogo. Tofauti ni tarakimu moja tu, na gurudumu la shaba la kuchongesha upya si mchezo.

Asubuhi inavuta kwa kunung'unika, saa nne inakuwa sawa: oili ni nzito kuliko hali ya hewa. Aliyetoka Dar na mashine yake akaipeleka Mafinga au Njombe hukutana na hili mwezi wa saba, mikono yenyewe inaganda. Oili iliyokuwa sawa Mbagala inakuwa asali. Shuka daraja moja, kwa mfano kutoka 460 hadi 320, kama kitabu cha mashine kinaruhusu, au iache mashine izunguke bila mbao dakika kadhaa. Kinyume chake, ikiwa kimya asubuhi na ikaanza kulia mchana ikishapata moto, oili ni nyepesi mno, au imekwisha nguvu.

Inavuja kwenye sili, umebadili sili, bado inavuja: tafuta kitundu cha kupumulia. Kila giaboksi ina pua, kijitundu kidogo juu, mara nyingi ndani ya boliti. Kwenye karakana ya mbao pua hiyo huziba kwa vumbi na rangi. Hewa ya ndani ikipata moto inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Nimewahi kukuta giaboksi iliyobadilishwa sili tatu na pua yake imepakwa rangi ya mafuta, vizuri kabisa, rangi mbili. Sindano ya kushonea ilimaliza kazi.

"Meza haipandi, imekuwa ngumu"

Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu dawa yao ndiyo ugonjwa.

Skrubu ndefu zinazopandisha meza ya thiknesa, reli za msumeno wa meza, gia ndogo za kulaza blade: vyote viko uwanjani, vinanyeshewa vumbi kutwa. Ukipaka oili, siku ya kwanza inateleza kama sabuni. Siku ya tatu oili imeshanywa vumbi na kuwa ugali wa mbao. Siku ya kumi ule ugali umekauka ndani ya nyuzi za skrubu. Mtu anaongeza oili kulainisha, ugali unaongezeka.

Osha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, mbali na moto, mbali na mashine inayofanya kazi. Futa mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha weka kitu kikavu: nta, au unga wa grafaiti, au ile dawa ya teflon ya kupuliza inayokauka, mradi isiwe na silikoni (nitakueleza kwa nini). Mimi natumia mshumaa. Mshumaa mweupe wa kawaida, wa umeme ukikatika. Sugua kwenye nyuzi za skrubu, pandisha na kushusha meza mara kadhaa, futa ziada. Kwenye uso wa meza ya chuma cha kalibu nao unafaa: sugua, paka kwa kitambaa hadi uso ung'ae na usinate. Mbao inapita bila kusukumwa kwa kifua.

Mnyororo wa kuendeshea roli ni hali ya katikati. Unahitaji oili, lakini ndani ya pini, si juu ya mabamba. Osha, kausha, weka oili ya 68 au 100 mnyororo ukiwa na uvuguvugu ili ipenye, acha robo saa, kisha futa nje mpaka uonekane kama hujaweka kitu.

Kama kinachonata ni utomvu wa paini, oili haiujui. Wanaopasua mbao za Sao Hill wanalijua hilo gundi la rangi ya asali linaloganda kwenye blade na roli. Magadi soda kwenye maji ya moto huutoa vizuri. Loweka kwa dakika chache, sugua, suuza, kausha hapo hapo usije ukabadilisha utomvu kwa kutu. Usiloweke vitu vya alumini, magadi huila, na blade zenye meno ya kuchomelea zisilale humo usiku kucha.

"Vanishi inakataa, inafanya macho ya samaki"

Fundi wa rangi akilalamika hivi, fundi wa mashine huwa anacheka, kumbe ni kesi yake.

Dalili: unapuliza vanishi, inatulia, halafu inajivuta na kuacha vijishimo vya duara, katikati mbao inaonekana. Fundi wa rangi anasugua msasa, anarudia, vinarudi pale pale. Wanalaumu tina ya kuyeyushia vanishi, wanalaumu unyevu, wanalaumu mninga wenyewe.

Sababu ya kawaida ni silikoni. Mtu alipulizia meza ya randa dawa ya kopo ili mbao iteleze. Dawa ilikuwa na silikoni. Mbao ikapita juu yake na kujipaka. Silikoni haionekani, na msasa huisambaza tu. Kiasi kidogo sana kinatosha. Hata hewani inapopulizwa, inatua kwenye mbao zilizo kando. Kwa hiyo kwenye jengo ambalo vanishi inapulizwa, silikoni isiingie mlangoni, iwe ya viti vya gari au ya mashine.

Ukihisi imeshaingia, futa meza kwa vitambaa safi na tina, badilisha kitambaa kila unapofuta mara moja, kisha weka mshumaa wako. Mbao zilizopata ugonjwa zioshwe kwa tina kabla ya msasa, si baada yake.

Ikiwa vijishimo vinakuja hata kwenye mbao ambazo hazikupita kwenye mashine, geukia kompresa. Puliza hewa kwenye kioo safi kwa dakika moja. Kikifanya ukungu wa mafuta, kompresa inapitisha oili. Aghalabu ni ringi zimechoka, au imejazwa kupita kiasi. Kompresa ya pistoni hutaka oili yake, ya ISO 100 isiyo na sabuni za injini. Ukiweka 15W-40 itazunguka, na ukifungua kichwa baada ya miezi utakuta valvu zimevaa masizi.

"Mkanda unateleza" na "blade inatembea"

Mawili haya ni mafupi. Mkanda wa mpira ukiteleza, usipake kitu. Oili na grisi huvimbisha mpira. Mkanda uliovimba hutoka kwenye mfereji wa puli na kuanza kuchanika ubavuni. Futa puli, kaza kiasi, ukishalowa oili nunua mwingine.

Msumeno wa bendi una mpira kwenye magurudumu yake, na hadithi ni hiyo hiyo. Wanaopasua paini hulainisha blade kwa dizeli ili utomvu usishike, na inafanya kazi, lakini iwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo kinachogusa blade, isiwe kwa kumwagia. Ikidondokea mpira wa gurudumu, mpira unavimba na blade inaanza kutembea mbele na nyuma. Utakaza, utapanga gurudumu, na tatizo liko palepale. Maji yenye sabuni kidogo yanayodondoka tone kwa tone huweza kufanya kazi ile ile bila kuudhuru mpira. Ukimaliza kazi, kausha blade.

"Chensoo inakula baa"

Oili ya mnyororo wa chensoo ina dawa ya kunata, ili mnyororo unaokimbia usiitupe kwenye majani. Wengi huweka oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure au karibu na bure. Naelewa bei. Lakini ile oili imekuja na unga wa chuma kutoka kwenye injini ya mtu, nao unasaga baa (bamba refu ambalo mnyororo hukimbilia) na kuziba kijipampu kidogo cha oili, ambacho hakina bei ndogo. Tena, kutwa nzima unaivuta puani na kujipaka mikononi, na oili iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Ukikosa oili ya mnyororo, afadhali SAE 30 mpya, ukikagua tangi mara kwa mara. Kipimo cha afya yake ni hiki: tangi la petroli likiisha, la oili nalo liwe karibu kuisha. Likibaki limejaa, njia imeziba. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe, uizungushe mashine bila kukata. Usipoona mstari wa oili, simama hapo.

Halafu lipo kosa ninaloliona kila mwaka: oili ya mnyororo kuwekwa kwenye petroli. Petroli hutaka oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili), kwa mashine nyingi mililita 100 kwa lita 5, yaani 1 kwa 50. Soma kifuniko, mashine nyingine ni 1 kwa 25.

"Ilikaa wiki mbili, sasa haizunguki"

Nusa. Ikiwa na harufu ya jikoni, mtu aliweka mafuta ya kula. Mafuta ya mimea hukutana na hewa na kuganda kama vanishi. Mafuta ya kitani ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu kazi yake ni hiyo. (Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni: hupata joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke.) Mafuta ya taa au dizeli yatalegeza, lakini itabidi ufungue.

Mafuta ya cherehani hayagandi, ni safi, yanafaa bawaba na vigingi vidogo. Kwa shafti inayobeba mzigo ni mepesi mno. Na dawa ya bati ya kufungulia kutu, ile ambayo kila fundi anayo, mpe kazi ya kulegeza boliti. Inapenya, inafukuza maji, halafu huacha utando mwembamba sana. Ukiifanya kuwa oili ya beringi, inaosha grisi kama ile dizeli ya yule kijana.

Mashine za wazee

Bado zipo: misumeno na randa za zamani zilizotengenezwa Uingereza, zilizobaki kwenye karakana za misheni, za mashule na za viwanda vya mbao, zenye bushi za shaba au za madini laini badala ya beringi, na vikombe vya oili juu. Hizi ndizo zinazotaka oili kweli. Weka ISO 68 kwa zinazokimbia, 100 kwa zinazokwenda taratibu, isiyo na sabuni ya injini. Kikombe chenye utambi hunyonya oili hata mashine ikiwa imelala, kwa hiyo toa utambi jioni, au utakuta kidimbwi sakafuni. Vikombe vyenye sindano ya kudondoshea vifunguliwe asubuhi, matone machache kwa dakika, na vifungwe jioni. Usitie grisi kwenye kikombe cha oili. Inaziba mferejini, shafti inazunguka kavu, madini laini yanayeyuka, na siku hizi wanaojua kuyamimina upya wanahesabika.

Kununua

Karakana ya kawaida yenye randa, thiknesa, msumeno wa meza na kompresa haihitaji makopo kumi. Haidroliki ya 68, ile ile ya trekta na makijiko ya kuchimbia, hutosha kwa minyororo na bushi. Ya gia za shaba, 320 au 460, kulingana na kitabu. Oili ya kompresa. Grisi ya lithiamu namba 2, kopo moja, jina lile lile kila mara. Mshumaa.

Nunua kopo lililofungwa. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa huenda ikawa nzuri, lakini huijui, na ile chupa ya maji uliyobeba ina maji yake. Andika tarehe kwa mkaa au maka siku unayoifungua, na faneli ya grisi na oili zifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Faneli inayoning'inia ukutani kwenye karakana ya mbao ni kijiko cha kulishia vumbi.

Halafu chukua rangi. Kwenye kila mashine, paka doa jekundu panapotaka grisi, la njano panapotaka oili, na jeupe pasipotaka kitu. Kwenye ile randa ya 6206 tulipaka madoa meupe mawili makubwa, moja kila upande, na kijana alikuwa wa kwanza kuuliza yana maana gani.